Kabla hujaandika kodi ya programu, pima kwanza hilo faili la hali ya hewa

Watu wengi wakipewa faili la bainari lenye data za hali ya hewa wanakimbilia kuandika kodi, alafu ramani ikitoka chenga tupu wanaanza kubadilisha kila kitu kwa kubahatisha. Mimi siku zote naanza na ukubwa wa faili kwa baiti, na naomba sana na wewe uanzie hapo.

Nazungumzia yale mafaili yenye namba tupu zilizopangwa moja baada ya nyingine, kama yale ya GrADS (programu ya kuchora data za hali ya hewa), hayana kichwa wala maelezo yoyote ndani. Chukua gridi ya digrii 1 ya dunia nzima, 360 kwa 180, hizo ni nukta 64,800, kila moja baiti 4, jumla 259,200. Faili likiwa na baiti hizo hizo basi una uga mmoja (yaani kipimo kimoja, mfano joto, kwa gridi nzima), likiwa mara 12 ya hapo inaweza kuwa miezi ya mwaka au tabaka 12 za anga, cheki faili la .ctl, lile la maandishi linaloeleza data imepangwaje, kama umepewa (na kama hujapewa, liombe, usione aibu). Ila ukikuta 259,208 usizidharau hizo 8 za ziada! Ni alama zinazowekwa na lugha ya programu ya Fortran, 4 mbele na 4 nyuma, zinataja urefu wa rekodi, na usipoziruka data yote inasogea nukta moja. Kwenye Python tumia FortranFile ya SciPy (maktaba ya hesabu za kisayansi), inazishughulikia yenyewe.

Ukubwa ukikubali ndo unasoma kwa NumPy (maktaba ya Python ya namba, kwa kifupi np): np.fromfile(faili, dtype='>f4').reshape(180, 360). Latitudo inatangulia kwasababu longitudo ndo inayobadilika haraka zaidi ndani ya faili. Hiyo alama > inamaanisha baiti kubwa inaanza, na ukikosea hapo utajua tu, maana joto la Kelvin 300 linasomeka kama namba yenye sifuri 40 baada ya nukta ya desimali, basi geuza iwe < ujaribu tena.

Alafu chapisha namba ndogo kabisa na kubwa kabisa kabla ya kuchora chochote. Ukiona 9.999e20 hiyo sio joto, ni alama ya data iliyokosekana, na ikibaki humo wastani wako wote umeharibika. Usitumie == kuitafuta, kwenye baiti 4 namba haihifadhiwi sawasawa kabisa, we sema chochote kinachozidi 1e19 kiwe NaN (yaani "si namba").

Mwelekeo nao uangalie, mafaili mengine yanaanzia kusini na mengine kaskazini. Kama ni joto la Julai, upande wenye baridi kali ni wa Antaktika, hapo huhitaji hata ramani. Longitudo pia, 300 na -60 ni sehemu ileile.

Na kama baiti 4 za kwanza ni herufi GRIB, huo ni muundo mwingine wa data za hali ya hewa, acha fromfile kabisa. Humo namba zimebanwa na haziko wazi, kila ujumbe una vipande vyake na unaishia na 7777. Tumia maktaba za Python cfgrib pamoja na xarray, au pitisha programu ya wgrib2 kwanza uone orodha ya vilivyomo.