Re: Viputo na kunata kwenye vibao vya kuwekea vikombe

Salaam mkuu. Nimekusoma: vibao vya mninga na epoksi (kimiminika kinachoganda, hupatikana kwa kuchanganya resini na kigumishi chake), viputo vimejipanga pembeni mwa mbao tu, na siku ya pili uso bado unanata. Hayo ni matatizo mawili.

Anza na kunata. Ulipima kwa ujazo au kwa uzito? Kigumishi kwa kawaida ni chepesi kuliko resini, kwa hiyo kopo likisema 2:1 (resini mbili, kigumishi kimoja) kwa ujazo nawe ukatumia mizani, umezidisha kigumishi. Hukutaja chapa, basi soma kopo lako. Koroga taratibu dakika 3 hadi 5 ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kikombe kingine ukoroge tena. Ile isiyochanganyika, inayogandia kwenye kuta za kikombe, ndiyo inayokuachia madoa ya kunata. Usimwage epoksi nyingine juu ya utando huo unaonata. Ukwangue wote kwanza, ufute kwa spiriti.

Viputo ni hewa ya ndani ya mbao. Paka resini kidogo kwa brashi, hasa kwenye ncha zilizokatwa maana ndiko vinyweleo viko wazi, isubiri ianze kushika, ndipo ujaze fomu (kalibu unamomwagia epoksi). Mimi humwaga jioni. Joto likishuka, mbao haitoi hewa; ukimwaga asubuhi jua likipanda, utalia.

Halafu, unauza? Epoksi nyingi za kawaida hulainika kwenye nyuzi 50 au 60 hivi, na kikombe cha chai ya moto kitaacha duara. Waambie wateja mapema, au nunua inayostahimili joto.