Maswali ya Wasomaji: Kama heli haishikani na kitu, mbona haitoki?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Langoni, Lamu. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, mwalimu wa kemia kawafundisha kuwa gesi adimu kama heli na arigoni hazishikani na kitu, halafu juzi kasoma kwa simu kwamba kuna watu wamefungia atomu ya heli ndani ya molekuli. Sasa aniuliza mimi. Imefungwa na nini?

JIBU: Waaleikum salaam mama, na umpe hongera kijana, manake hapo alipogusa ndipo penyewe.

Dema unalijua, ule mtego wa samaki. Samaki aliyemo ndani ya dema hana ndoana mdomoni wala hakufungwa kamba, aogelea humo humo kama kawaida yake, ila matundu ni madogo kuliko mwili wake, basi. Heli nayo ni vivyo hivyo, haikushikana na kaboni hata kidogo, kwa hivyo mwalimu yuko sawa, ni kwamba imezungukwa pande zote na pa kupenya hakuna.

Ngome yenyewe yaitwa fulereni, atomu 60 za kaboni zimejipanga kama mpira. Iligunduliwa 1985 Chuo Kikuu cha Rice kule Texas na Kroto, Curl na Smalley, wakapewa Nobeli 1996. Mwambie kijana atafute ule mpira wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe ahesabu: vyeusi vya pembe tano ni 12, vyeupe vya pembe sita ni 20, na kila kona vipande vitatu vinapokutana aweke atomu moja ya kaboni. Atafika 60 kamili, ajaribu kwa kidole asikubali tu maneno yangu.

Sasa tofauti ni moja na ndiyo iliyowatoa watu jasho. Dema lina mdomo, samaki aingia mwenyewe. Fulereni haina mdomo! Martin Saunders na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikabidi waipike fulereni ndani ya heli kwa joto la kama nyuzi 650 na presha karibu mara 3,000 ya hewa hii tunayovuta, yaani mpaka viungo vya kaboni viachane kidogo, heli ipenye, halafu vijifunge tena, na pamoja na mateso yote hayo iliyoingiwa ilikuwa kama molekuli moja kwa kila elfu. Na iliyo na heli yatofautianaje na tupu? Kwa uzito. Kaboni 60 zenye uzito wa 12 kila moja ni 720, heli ni 4, jumla 724. Hesabu ya kujumlisha tu, mtoto wa msingi aiweza, na mimi hunifurahisha kila nikiikumbuka.

Baadaye Wajapani wa Kyoto, Komatsu na Murata, wakaja na njia ya kifundi zaidi: wakaitoboa ngome kwa kemia hatua kwa hatua, wakatia haidrojeni, kisha wakaishona ikawa nzima kama ilivyokuwa, hiyo ni 2005. Kwa njia ya namna hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakatia arigoni 2020.

Lakini zenoni, gesi adimu nyingine, ina habari nyingine kabisa. Atomu yake ni kubwa, wingu lake la elektroni ni laini, likikaribia ukuta lasogea kidogo, upande mmoja unakuwa na chaji na ukuta nao hivyo hivyo, vikavutana. Ni mvuto dhaifu, si kiungo, lakini ngome ikiwa saizi yake basi zenoni yavutwa pande zote kwa pamoja. Ndiyo maana kuna ngome zenye madirisha wazi, kama kriptofeni aliyoitengeneza mkemia Collet kule Ufaransa 1981, zenoni yaingia na kutoka itakavyo na bado muda mwingi utaikuta ndani. Heli hungeipata hapo, wingu lake ni dogo na gumu, halivutiki.

Na kazi ipo. Chukua chumba chenu cha mita 3 kwa 3 kwa 3: arigoni iliyomo hewani yazidi pipa la lita 200, lakini zenoni ni nusu kijiko cha chai. Kuichuja hiyo nusu kijiko kwa kawaida ni kuipoza hewa kwa baridi kali mpaka iwe kimiminika, gharama tupu, ndiyo sababu wakemia kina Cooper wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha 2014 kwamba ngome zinazotoshana na zenoni zaweza kuinasa bila baridi hiyo.

SWALI: Napamba maharusi Malindi. Baluni za heli nikijaza jioni, asubuhi zimelala. Hizo ngome za kaboni hazinifai?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Mpira wa baluni una vinafasi na heli ni ndogo mno, yapenya polepole usiku kucha, kwa hivyo chukua zile baluni za kung'aa zilizopakwa metali, hukaa siku kadhaa. Ngome hazikusaidii kwa sababu gramu 4 za heli ikiwa huru yanyanyua kama gramu 25, lakini ukiifungia, hata kila ngome ikiwa na yake, itabidi ibebe gramu 720 za kaboni. Utabaki na unga mweusi chini ya chupa.