Haji wa jina na Alhaji wa cheo

Kuna wanaosema mtu asiyehiji asiitwe Haji. Hapana ndugu, mtoto kuitwa Haji wakati hajafika Makka sio kosa wala sio uongo, hilo ni jina tu kama Rajabu au Ramadhani. Kwetu pwani na Zanzibar aliyezaliwa mfunguo tatu, mwezi wenyewe wa hija, wengi wanampa Haji, mimi nina binamu yangu kaitwa hivyo tangu siku ya saba na hajawahi hata kupanda ndege. Cheo cha aliyehiji ni kitu kingine, hicho kinatangulia jina, kama tulivyokuwa tunasema Alhaji Ali Hassan Mwinyi, na hiyo "al" ni Kiarabu tu, haimaanishi kahiji mara nyingi kama watu wanavyodhani. Mwanamke anakuwa Hajati, Nigeria wao wanasema Hajiya. Ila angalia, umra, ile ziara ndogo ya Makka, peke yake haikupi hicho cheo, mpaka uhiji kweli, usimame Arafa tarehe 9 mfunguo tatu. Na dini haijamlazimisha mtu kujiita hivyo, ni heshima ya jamii tu, mbona masahaba walihiji na hatuwaiti Alhaji Abubakar au Alhaji Omar.