Kwa nini wanaanga hawakingwi kwa risasi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wanaanga hawavishwi aproni ya risasi (ile metali nzito) ya kuwakinga na mionzi ya angani, kama ile ya chumba cha eksirei hapa kwetu Tanga. Risasi huzuia eksirei vizuri, lakini chembe za kosmiki zitokazo nje ya mfumo wa jua zina nguvu nyingi mno, na zinapogonga viini vizito vya atomu za risasi huvivunja na kuzalisha chembe nyingine, zikiwamo nyutroni, ambazo hupenya mwilini. Ndiyo maana vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama maji na plastiki ya polithini, hukinga vyema zaidi kwa uzito uleule.

Dhoruba za jua, yaani Jua linaporusha ghafla chembe nyingi za mionzi, ni jambo jingine, na kwangu ndilo la kutisha zaidi: ile ya Agosti 1972 ilitokea kati ya safari za Mwezini za Apollo 16 na Apollo 17, bahati njema hakuna aliyekuwa njiani. Katika Orion, chombo cha NASA cha kubeba wanaanga, wanaanga hutakiwa kujibana katikati na kujizungushia mifuko ya mizigo mpaka dhoruba ipite. Mwaka 2022 chombo hicho kiliuzunguka Mwezi kikiwa na sanamu mbili za kiwiliwili cha mwanamke, zilizojaa vipima mionzi. Moja tu ndiyo iliyovishwa fulana ya kinga, ili vipimo vilinganishwe.