Kiungo, mkataba wako ndio magoli yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, Pemba, aliniandikia. Anacheza kiungo mkabaji, yule wa katikati anayepora mipira, ameonekana kwenye mechi uwanja wa Gombani, na klabu moja ya bara inamtaka. "Kaka, wananiambia nivuke nikasaini, mengine tutayapanga hukohuko. Niende?" Tangu Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa Gombani na Heroes wetu, timu ya taifa ya Zanzibar, wakaifunga Burkina Faso 2-1 fainali, ujumbe wa namna hii kutoka Pemba umezidi kwangu. Huyo nimemjibu faragha. Lakini kila kijana wa visiwani anayepiga mpira anaiota siku ya kupanda boti na begi la daluga, kwa hiyo na nyinyi wengine nisikilizeni.

Mimi nimecheza kati maisha yangu yote. Nilianza na timu za watoto mtaani, madaraja ya Juvenile, Junior na Central, nikapanda Ligi Kuu ya Zanzibar, kisha bara. Mwalimu wangu wa mwanzo, Mungu amrehemu, alikuwa na zoezi lake uwanja wa Mao. Anasimama nyuma yangu, anainua vidole, mwenzangu ananipigia pasi. Kabla mpira haujagusa mguu wangu anauliza: "Ngapi?" Lazima niwe nimeshageuza shingo, bega la kulia na la kushoto, nimeviona vidole. Nikikosa, nazunguka uwanja huku wenzangu wanaendelea. Mwisho ikawa hata nikitembea Darajani nageuza shingo. Sikuwa mtu wa mbio, wala mashuti yangu hayakutisha kipa, ila mpira kwangu haukupotea. Nasema haya bila haya, na waliocheza na mimi wanajua.

Tabu ya kazi yetu ni kwamba haionekani. Chukua fainali ya Chalenji ya 2017, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Heroes na Kenya kule Machakos. Kenya walitangulia, tukasawazisha, wakaongeza, tukasawazisha tena, 2-2, wakatushinda kwa penalti. Ukikaa baraza yoyote ya mjini na kuitaja mechi hiyo, kila mtu atakutajia Khamis Musa Makame, kwa sababu magoli yote mawili ni yake, na anastahili. Muulize basi nani alipora mipira katikati, nani alifunga njia pale Kenya walipokuja juu. Utaona wanavyotazamana. Mshambuliaji akifunga magoli kumi, kiongozi wa klabu anamfuata mwenyewe na mkataba mpya. Kiungo akipora mipira mia, hakuna anayehesabu. Ndiyo maana sisi ulinzi wetu ni karatasi.

Siku yangu ya kusaini niliitwa hotelini usiku, baada ya Isha. Juu ya meza kulikuwa na karatasi na kalamu imeshafunguliwa kifuniko. Wakaniambia weka sahihi hapa na hapa, kesho asubuhi kuna picha na jezi. Nikasoma. Mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, sawa. Bonasi, pamewekwa nukta tupu, hakuna kiasi. Matibabu, mstari mmoja: "klabu itasaidia inapobidi." Inapobidi kwa nani? Nikaomba nakala nikaisome na ami yangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama na maneno ya namna hii anayajua. Pale mezani pakapoa. Mmoja akasema Wapemba mna ubishi. Akasema na kuna kiungo mwengine anasubiri. Nikamwambia na asaini huyo.

Hawakumsainisha. Siku ya pili mkataba ulirudi na nukta zimejazwa, na mahali pa matibabu pameandikwa kwamba nikiumia kazini klabu inalipa hospitali na mshahara unaendelea. Kwa jambo hilo nikaitwa mjuaji msimu mzima.

Msimu wa pili goti likaenda. Nilikuwa nimegeuka na mpira, daluga ikanasa kwenye nyasi, mwili ukaenda na mguu ukabaki. Sauti niliyoisikia sitaki kuieleza. Mwezi wa kwanza walinipigia simu. Baada ya hapo nikapata ujumbe mfupi kwamba tumeamua kuachana kwa heri. Kwa heri gani? Karatasi ninayo! Tuliandikiana barua, na mwisho wakalipa hospitali na mshahara uliobaki. Polepole, kwa mafungu, lakini wakalipa. Kiongozi aliyeniahidi kuwa mimi ni mwanawe hajawahi kuuliza goti linaendeleaje, na hilo, wallahi, linaniuma kuliko kano yenyewe.

Sasa nyinyi vijana. Someni! Kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wa mchezaji uzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 mwisho ni 3. Haziruhusu mkataba utegemee vipimo vya afya: wakupime kwanza, ndipo msaini, si kusaini leo halafu waseme umefeli vipimo. Wakikukalia mishahara ya miezi miwili, una haki ya kuwaandikia, ukiwapa siku 15 walipe, na wasipolipa unaweza kuuvunja mkataba kwa sababu halali. Kuandika, si kununa wala kutoroka kambini. Na ondoka na nakala yako yenye sahihi zote, kila ukurasa. Asiyekupa nakala hana nia njema na wewe, hata akikuita mdogo wangu kutwa.

Mnawaona Mudathir Yahya na Feisal Salum, viungo wetu wa hapahapa waliofika Yanga, mnatamani. Tamaa hiyo nzuri, nami ninayo kwa ajili yenu. Lakini wengi wenu mnajua bei ya daluga za Feisal na hamjui ukurasa wa pili wa mikataba yenu umeandikwa nini. Mzee wako yupo, mwalimu wa skuli yupo, ustadhi yupo. Mtu mzima mmoja mwenye kusoma akae na wewe, akuulize maswali, na wewe uweze kumjibu.

Na wazazi, msiione fedha ya usajili mkaanza kuhesabu mabati. Muulizeni huyo mgeni aliyekaa ukumbini kwenu: mtoto akivunjika, nani analipa? Mpeni kahawa, mkaribisheni vizuri, na msimwache aondoke mpaka jibu lake limeandikwa.