Gari la mtoto likipinda, usimnyooshee wewe

Kila Jumamosi nakaa na watoto kama kumi na tano hapa uwani kwetu Tandale, wengi wako la tatu na la nne, tunatengeneza magari ya waya, tunachora, tunategeana vitendawili. Mwanzoni nilikosea sana. Kuna dogo mmoja gari lake likipinda kidogo tu anasema "anko mimi siwezi", na mimi kwa huruma nachukua plaizi namnyooshea, najiona namsaidia kumbe namzoesha kwamba kitu kikigoma kuna mtu mzima wa kumalizia, wiki iliyofuata akaniletea waya hata hajaukunja.

Siku hizi sishiki kabisa. Nakaa naye chini namuuliza umejaribu nini, tairi gani linagoma, na mara nyingi anaona mwenyewe kwamba tundu halikutobolewa katikati (matairi tunakata kwenye ndala zilizochakaa) basi anafumua anarudia. Inaweza kula Jumamosi mbili na iwe hivyo. Waya ukikosea unaunyoosha unaanza tena, ndo maana naupenda kwa watoto ambao madaftari yao yamejaa mikasi ya kukosa kila ukurasa. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wengi wameingia shule, jambo jema kabisa, ila madarasa yamefurika na mwalimu anapata wapi muda wa kukaa na mmoja aliyekwama?

Wakilalamika hatuna rangi za maana nawapa habari za Edward Saidi Tingatinga, katoka zake Tunduru, mwaka 1968 akaanza kuchora hapa hapa Dar kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Wakisikia hivyo wanaenda wenyewe kumuomba fundi rangi mabaki ya kwenye makopo.

Ila uji kwanza. Mtoto aliyelala na njaa akiacha kazi katikati usimuite mvivu, tafadhali, hana nguvu tu. Na ncha za waya zikunjwe kwa ndani, macho yao ni ya thamani.

Kuhusu masomo, mimi sigeuzi gari kuwa mtihani. Nasubiri alete daftari mwenyewe, halafu namuuliza yaleyale, umejaribu nini, imegoma wapi. Yule dogo juzi kaja na hesabu ya kugawanya kaikata mara tatu, kabla sijafungua mdomo akaanza kunionyesha alipokosea.