Muulize Fundi: Seva imegoma kuwaka baada ya umeme kurudi

Shikamoo Fundi. Mimi ni karani wa SACCO hapa Arua, na kompyuta nimeachiwa mimi. Jumatatu umeme ulikatika, uliporudi seva ikakataa kuwaka hadi mwisho. Inahesabu mpaka sekunde 90, kisha inasema imeingia hali ya dharura na kwamba akaunti ya root (msimamizi mkuu) imefungwa. Nikibonyeza Enter inarudi palepale. Jamaa wa dukani anasema diski imekufa, tununue nyingine na kuweka Ubuntu upya. Wanachama wako foleni, tunaandika kwa kalamu. Nisaidie. (Karani, Arua)

Marahaba mwanangu. Usinunue kitu, na huyo jamaa asiiguse seva.

Diski kuu ingekuwa imekufa, usingefika hata kwenye hizo sekunde 90. Huo ndio muda ambao systemd (programu inayoongoza uwakaji wa Ubuntu) husubiri kifaa ilichoambiwa kipo. Kuna mtu aliandika diski fulani kwenye faili la /etc/fstab (orodha ya diski za kuunganishwa), seva ikiwaka inaitafuta, haipo, inakata tamaa. Kabla ya kuandika jibu hili nilimpigia karani nikamuuliza swali moja tu: diski ya nje ya bekapu iko wapi? Kimya. Kisha: "Meneja huwa anaenda nayo nyumbani tangu mwezi uliopita, kwa usalama."

Basi. Tatizo lina umri wa mwezi mzima. Lilikuwa limelala kwa sababu seva haikuzimwa hata siku moja. Umeme umeliamsha tu. Ndiyo maana mimi siulizi "leo kimetokea nini?" Nauliza nini kimebadilishwa tangu mara ya mwisho ilipowaka vizuri. Somo hili nilililipia Mbarara, nikiwa bado kijana wa kujiamini. Nilifuta seva ya ofisi moja, nikakesha naweka mfumo upya. Asubuhi mhasibu akaingia na diski ya nje mkononi: "Fundi, hii niliichomoa juzi, ina shida?" Nilikunywa chai bila kusema neno.

Sasa kazi. Dawa ya haraka ni kumwambia meneja airudishe diski na kuichomeka kabla ya kuwasha. Lakini meneja yuko safarini Koboko, kwa hiyo tunapita mlango wa nyuma. Washa seva ukishikilia Shift (kwenye mashine mpya gonga Esc) hadi orodha ya GRUB (programu ya kuwashia) itokee. Simama kwenye mstari wa Ubuntu, bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika init=/bin/bash, kisha Ctrl na X. Utapata skrini nyeusi yenye alama ya # tu. Usiogope, hapo ndipo tunapopataka. Andika:

mount -o remount,rw /
cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
nano /etc/fstab

Mstari wa kwanza ukiusahau, nano (kihariri cha maandishi) itafungua faili lakini itakataa kulihifadhi. Tafuta mstari wa bekapu. Wa karani ulikuwa hivi:

/dev/sdb1 /bekapu ext4 defaults 0 2

Weka # mbele yake, hifadhi, andika sync, halafu reboot -f. Alinipigia baada ya dakika kumi na kitu. Nyuma yake nilisikia foleni ikipiga vigelegele.

Meneja akirudi na diski, usiuondoe # na kuuacha mstari ulivyokuwa. Jina sdb1 hutolewa kwa kufuata nani amewahi kuonekana. Flashi ya mtu inaweza kulichukua. Andika blkid upate UUID ya diski (namba yake ya pekee), uiweke mahali pa /dev/sdb1 (UUID= halafu namba yenyewe), na badala ya defaults andika:

defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s

Hapo diski isipokuwepo seva itaendelea na safari bila kuisubiri, na baada ya sekunde 10 itaacha kuitafuta. Ila nofail (usikwame ikikosekana) ina ujanja wake: bekapu ya usiku itaandikwa ndani ya folda tupu ya /bekapu, kwenye diski ileile kuu, nanyi mtadhani mna nakala. Skripti ya bekapu ianze na mountpoint -q /bekapu || exit 1, ili isimame kama diski haijaunganishwa. Malizia na findmnt --verify (hukagua fstab), kisha uizime na kuiwasha seva mwenyewe, Jumamosi mchana, wanachama wakiwa kwao.

Fundi, seva ya shule yetu Jinja kila ikichomolewa ukutani inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na mfumo wa ada unakataa kufunguka. (Mwalimu)

Betri ya mazabodi, mwalimu. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Saa ikirudi nyuma miaka kumi, cheti cha usalama kilichotolewa mwaka jana kinaonekana hakijazaliwa. Badilisha betri, kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), maana mipangilio nayo imerudi ya kiwandani: weka saa, chagua diski sahihi iwe ya kwanza, na utafute kipengele cha kuifanya iwake yenyewe umeme ukirudi. Bila hicho, kila alfajiri mtamwamsha askari wa geti akabonyeze kitufe.